Makanisa na nyumba za watawa za Kusini: Masasi, Ndanda, Lukuledi, Peramiho na Chipole

Mwanalukuledi:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Juzi nilikuwa ndani ya basi linalotoka Lindi kwenda Masasi, na kijana mmoja aliyekuwa akipita njia ile kwa mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ni nani aliyejenga hospitali kubwa na kanisa kubwa namna ile pale Ndanda, mahali ambapo kwa macho yake palikuwa na maduka machache na stendi ya kuuzia korosho na maji. Abiria waliojibu walimwambia tu kwamba "ni wamisionari", na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya korosho. Niliona jibu lile ni fupi mno kwa jambo kubwa, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Wamisionari waliohusika na Ndanda ni Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884 na Padre Andreas Amrhein. Kituo chao cha kwanza katika nchi yetu kilikuwa Pugu, mwaka 1888, na hakikudumu hata miaka miwili: Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, yaani watu wa pwani walipopigana na Wajerumani, kilishambuliwa na kuteketezwa, na watawa kadhaa wakauawa. Walipojikusanya tena Dar es Salaam ndipo walipoanza kutazama kusini. Lukuledi ilianzishwa mwaka 1895, Nyangao mwaka uliofuata, na Peramiho, mbali kabisa katika Ungoni, yaani nchi ya Wangoni upande wa Songea, mwaka 1898.

Ukivitazama vituo hivyo kwenye ramani utaona kwamba havikufuata miji, kwa sababu bara miji haikuwapo. Vilifuata maji. Ndanda ipo chini ya miteremko ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo chemchemi hutoka mwaka mzima huku watu wa juu ya uwanda, hadi miaka ya karibuni, wakitembea saa nyingi kutafuta ndoo moja. Palipo na maji ya kudumu ndipo palipowezekana kufyatua tofali, kulima bustani na kuwaweka wanafunzi wa bweni, kisha soko likafuata, halafu ofisi za serikali. Kwa maoni yangu, katika sehemu kubwa ya ukanda huu mji ulilifuata kanisa.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba majengo tunayoyapiga picha leo si majengo ya kwanza. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa huko Mikukuyumbu karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wiki mbili hazikupita kabla vita vya Maji Maji havijafika Nyangao na Lukuledi, na vituo vyote viwili vikachomwa. Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha katika kukimbia kutoka Nyangao. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, vita vikiwa bado havijapoa, na ikawa makao mapya ya kazi yote ya upande wa mashariki.

Naomba wenye habari za maeneo yao waongezee, hasa kuhusu nyumba za watawa, kwa sababu kanisa kila mtu hulitazama lakini konventi, yaani nyumba ya masista iliyo nyuma yake, huwa haiandikwi.

Mmakua wa Mtandi:

Ndugu Mwanalukuledi, ahsante kwa uzi, ila umeanza hadithi katikati. Umeanzia mwaka 1895 kana kwamba kabla ya hapo Kusini hapakuwa na msalaba. Masasi ilikuwa na kanisa tangu mwaka 1876.

Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, misheni ya Waanglikana, ndiye aliyewaleta kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wenye asili ya bara, kwa nia ya kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika chini ya majabali ya Masasi wenyewe walisema hapa panatosha. Huyo ni Steere yuleyule aliyesimamia ujenzi wa Kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, na aliyeandika sarufi na tafsiri ambazo Kiswahili cha maandishi kinazidai hadi leo. Kwa hiyo Masasi haikuanza kama kanisa lililovuta watu. Ilianza kama kijiji cha watu walionyang'anywa kwao, na kanisa likawa miongoni mwa nyumba zao.

Mwaka 1882 kijiji kile kilivamiwa na Wangoni, ambao huku kwetu waliitwa Magwangwara. Watu walichukuliwa mateka, nyumba zikachomwa, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Natambua kwamba kuna ndugu wa Songea humu, sisemi kwa ubaya. Utani wetu unajulikana. Ila mtu akikueleza kwamba kanisa la mawe la Mtandi, hapa Masasi, linaonekana kama ngome, asikushangaze.

Jimbo la Masasi liliundwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, anakumbukwa kwa jambo ambalo hata Wakatoliki jirani walilitazama kwa mashaka: aliruhusu jando lifanyike chini ya uangalizi wa kanisa. Kumbi zilijengwa, vijana walitahiriwa na kufundwa, ngariba akiwepo na padre akiwepo, na mwisho wa yote wali, yaani vijana waliofundwa, waliingia kanisani kwa maandamano. Mzee wangu alipitia jando la aina hiyo na alikuwa akisema kwamba alijifunza adabu na katekisimu kwa wiki zilezile. Unaweza kulitazama kanisa la Mtandi siku nzima usilione jambo hili, kwa sababu kumbi za jando hujengwa kwa miti na majani na huchomwa kazi inapokwisha.

Kuhusu watawa uliowauliza: hapa Masasi ndipo kilipozaliwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, mwaka 1946, shirika la masista Waanglikana wa Kiafrika waliolelewa na masista wa Kiingereza wa shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston. Watu wengi wakisikia neno "sista" humfikiria Mkatoliki peke yake. Sisi tuna wetu, na nyumba yao mama iko Masasi.

Mjukuu wa Maposeni:

Shikamooni wakubwa wa uzi.

Mmakua, la mwaka 1882 nimelipokea, na kwa kuwa ni watani sitaomba radhi. Mimi nataka kuzungumzia neno "kuchomwa", ambalo Mwanalukuledi amelitumia kwa upande mmoja tu.

Peramiho nayo ilichomwa, Septemba 1905. Lakini wazee wa Maposeni, kijiji chetu karibu na Peramiho, wakisimulia hawaanzi hapo. Huanza na nyumba ya mahoka ya Nkosi, yaani mtawala wa Wangoni, Mputa Gama, mahali alipokuwa akiomba kwa mizimu ya ukoo, ambayo iliteketezwa na Padre Francis Leuthner kabla ya vita, kwa kuwa padre aliiona kuwa ni nyumba ya ushirikina. Basi ukisoma kwamba Wangoni waliingia Peramiho kwa moto, kumbuka kwamba kwa macho yao moto ulikuwa umekwisha kuwashwa na mwingine, juu ya kitu kitakatifu vilevile. Padre Leuthner naye aliuawa katika vita hivyo, na Nkosi Mputa alinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na manduna, yaani wakuu waliokuwa chini yake, na wapiganaji wengi. Kaburi la pamoja lipo hadi leo katika makumbusho ya Maji Maji, na kila mwishoni mwa Februari watu hukusanyika pale.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria hunikosesha raha: kabla ya kunyongwa, baadhi ya wafungwa wale walibatizwa na padre gerezani. Wapo wanaosema ilikuwa huruma, wapo wanaosema ilikuwa fedheha ya mwisho. Mimi ni Mkristo na nimebatizwa Peramiho, lakini sijapata jibu ninaloweza kumpa babu yangu.

Kanisa la abasia, yaani la nyumba kuu ya watawa inayoongozwa na abati, tunaloliona sasa lilijengwa katika miaka ya 1940, na watu wengi waliofyatua na kubeba tofali zake walikuwa watoto au wajukuu wa wale waliochoma la kwanza. Abasia yenyewe ilikuwa na hadhi ya jimbo tangu mwaka 1931, sawa na Ndanda, abati akiwa na mamlaka ya askofu. Hadhi hiyo ilikoma mwaka 1969 lilipoundwa Jimbo la Songea chini ya Askofu James Komba, na kanisa kuu, yaani kanisa la askofu, likawa mjini, la Mtakatifu Matia Mulumba. Ndiyo sababu wageni huchanganyikiwa: kanisa kubwa liko Peramiho, kanisa kuu liko Songea.

Kijana wa Nachingwea:

Mleta uzi, kwa heshima, hoja yako ya "mji ulilifuata kanisa" umeivuta kupita kiasi.

Nachingwea ni mji wa karanga. Serikali ya Kiingereza ilipoleta mradi wake mkubwa wa karanga baada ya vita ya pili, ndipo yalipochongwa mashamba, reli na makazi, na mradi uliposhindwa mji ulibaki. Makanisa yalikuja kuwahudumia watu waliokwisha kuwapo. Mtwara nayo, bandari yake na mpangilio wa mitaa yake mipana, ni mtoto wa mradi huohuo. Lindi, Mikindani na Kilwa zilikuwa miji ya biashara na ya misikiti kwa karne nyingi kabla padre yeyote hajashuka merikebuni. Ukitaja Kusini usisahau kwamba wengi wa watu wa pwani hiyo ni Waislamu, na kwamba hata huko bara uko msikiti karibu na kila kanisa unalolitaja.

Mwanalukuledi:

Kijana wa Nachingwea, hoja yako ni ya haki na naipokea: niseme basi kwamba ninazungumzia vituo vya bara vilivyoanzishwa kati ya mwaka 1876 na vita kuu ya kwanza, wala si pwani, wala si miji ya karanga. Hata hivyo, mwaka 1963 lilipoundwa jimbo jipya lilipewa jina la Nachingwea, na halikubadilishwa kuwa Jimbo la Lindi hadi mwaka 1986. Karanga zilitoa mji, mji ukatoa jimbo kwa miaka ishirini na mitatu.

Mjukuu wa Maposeni, sikujua habari za nyumba ya mahoka kwa undani huo. Kwetu Lukuledi vita husimuliwa kwa namna nyingine, labda kwa sababu vilifuatwa haraka na vingine. Oktoba 1917 mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yaliua watu kwa wingi usiowahi kuonekana upande huu wa Afrika katika vita kuu ya kwanza, na mamia kwa mamia ya wapagazi walikufa bila kuandikwa. Siku chache baadaye walipigana Lukuledi kwenye uwanja wa misheni. Babu zetu walishuhudia kituo kilekile kikiwa uwanja wa vita mara mbili ndani ya miaka kumi na miwili. Baada ya hapo Wajerumani walifukuzwa nchini, na kazi ikashikwa kwa sehemu kubwa na Waswisi, akiwemo Gallus Steiger aliyekuja kuwa abati na askofu wa Peramiho.

Sasa niende kwenye nyumba za watawa, maana ndizo nilizozikusudia.

Masista wa kwanza wa Kibenediktini walitoka katika tawi la kike la shirika la Padre Amrhein, ambao baadaye walijulikana kwa jina la Tutzing. Katika vituo vingi konventi ilikuwa jengo la kawaida tu: veranda ndefu, vyumba vidogo, kisima, jiko la kuni, na bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta. Lakini kazi nyingi zilizowafanya watu wabaki karibu na misheni zilitoka upande huo. Mwaka 1926 alifika Ndanda Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa daktari, na hospitali tunayoijua leo inatokana na zahanati yake, pamoja na makazi ya wenye ukoma pale Mwena. Mtu mwenye ukoma wakati ule alikuwa akifukuzwa hata na ndugu zake wa damu. Mwena alipewa shamba na nyumba.

Halafu wakaja masista wa Kiafrika. Upande wa Ndanda, nyumba yao iko Ndolo. Upande wa Songea, katika miaka ya 1930, lilianzishwa shirika la Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnesi ambao makao yao ni Chipole, kusini mwa Songea kuelekea Ruvuma, na kutoka humo ikatokea nyumba ya Imiliwaha huko Njombe. Nimefika Chipole mara mbili. Usitarajie minara. Utakuta mashamba ya mahindi, ng'ombe, karakana ya useremala, shule, kituo cha watoto yatima, na masista wenye viatu vya matope ambao saa ya sala ikifika huacha majembe na kuimba zaburi kwa Kiswahili.

Na masista hao ndio wenye mtambo wa umeme wa Tulila kwenye mto Ruvuma, wa megawati 5, uliokamilika mwaka 2015. Walikuwa wakiiuzia TANESCO umeme uliowaka Songea mjini miaka kadhaa kabla gridi ya taifa haijafika huko mwaka 2018. Kijana yule wa kwenye basi angeniuliza ni jengo gani la watawa la kutazama Kusini nzima, ningempeleka kwenye nyumba ya mitambo ya Tulila, hata kama haina hata dirisha moja la vioo vya rangi.

Fundi Mwashi:

Mimi si mwanahistoria, ni mwashi, na nimefanya kazi katika makanisa matano ya ukanda huu. Naomba niseme kuhusu kuta.

Makanisa ya zamani yalijengwa kwa tofali za kuchoma zilizofyatuliwa palepale, zikaunganishwa kwa udongo au kwa chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Kwa lugha ya mafundi, unapumua. Siku hizi kamati za ujenzi zikiona lipu imebanduka huagiza saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe na haipitishi unyevu, hivyo maji yaliyopanda kutoka msingini hukosa pa kutokea, hukaa ndani ya tofali, na baada ya misimu michache uso wa tofali humomonyoka nyuma ya lipu ambayo kwa nje inang'aa.

Niliitwa katika parokia moja, sitaitaja, ambako waumini walichanga fedha kwa moyo mweupe, wakakwangua lipu yote ya kale na kupiga saruji mpya pamoja na rangi ya mafuta. Kwenye jubilei yao kanisa lilipendeza. Baada ya miaka saba niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukaita kama debe tupu. Hapohapo waling'oa vigae vya sakafuni vilivyochorwa kwa mkono na kuweka vya dukani. Vya zamani nilivikuta vimepangwa njia ya kwenda chooni.

Ushauri wangu kwa wenye kamati: chokaa bado inapatikana, na ni nafuu kuliko mnavyodhani. Kabla ya kugusa ukuta, zibeni kwanza bati linalovuja na chimbeni mfereji wa kutoa maji msingini. Nusu ya maradhi ya kuta huishia hapo.

Mwalimu Mstaafu Chidya:

Wanangu, nimefuatilia uzi huu kwa furaha.

Fundi amegusa kidonda ambacho sheria haikitibu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halilindwi mpaka waziri alitangaze kwa jina. Pigeni hesabu wenyewe: kituo cha kale kuliko vyote mlivyovitaja, yaani Masasi, kimeukosa mstari huo kwa miaka kumi na mitatu. Mtu akiamka kesho kubomoa kanisa la Lukuledi, kitakachomzuia ni askofu wake na dhamiri yake.

Niongeze la shule. Chidya ilikuwa shule ya UMCA, Ndanda ya Wabenediktini, na zote mbili zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Rais wa tatu, Benjamin Mkapa, ni zao la njia hiyo hasa: kijana wa Lupaso aliyesoma Ndanda na Kigonsera kabla ya kwenda Pugu, na mwaka 2020 alirudishwa Lupaso kuzikwa.

Mjukuu wa Maposeni:

Mwalimu, shikamoo. Je, mtu anayetafuta habari za ukoo wake aanzie wapi? Nyumbani kwetu hatuna karatasi yoyote ya kabla ya uhuru.

Mwalimu Mstaafu Chidya:

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia. Makatekista na mapadre waliandika jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, kijiji, na mara nyingine hata kabila, na katika vijiji vingi hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa ya majina ya bibi zetu. Nenda na jina la ubatizo na makadirio ya mwaka, umwone paroko baada ya misa ya katikati ya wiki, si Jumapili, maana Jumapili hana nafasi. Vaa vizuri, na uombe kusomewa badala ya kuomba kupiga picha. Ukiona ukurasa umeliwa na mchwa, mwambie paroko palepale.

Mwanalukuledi:

Mwalimu, mimi nilifanya hivyo mwaka jana nikampata mama wa babu yangu. Kwenye kitabu ameandikwa kwa jina la Kimwera ambalo ukoo mzima ulikuwa umelisahau, na pembeni mwandishi ameongeza neno moja: "mfinyanzi".